Kabati la Kubanikia Samaki

Kisarawe, 20 Februari 1955

Kwa mjukuu wangu na mke mwenzangu, Sikuzani binti Abdala, Janga.

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea. Sisi huku wazima, na wewe na mume wetu Matano nawaombea uzima huo huo. Mvua imetunyima, mihogo imesimama kama vijiti vya mshikaki. Mbuzi wangu mwenye baka jeupe kazaa mapacha, mmoja kafa. Jirani yangu Mboni kaezeka nyumba yake upya, na sasa haitikii salamu mpaka kwanza umsifie paa. Nimemsifia, yaishe.

Barua yako kaileta Mwinjuma wa lori siku ya Alhamisi. Nimetoka nayo juani nikaisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Unasema bwana mkubwa wa shamba la mkonge anarudi kwao Ugiriki, anaacha vyombo vyake, na katika vyombo hivyo limo kabati la chuma la kubanikia samaki kwa umeme. Na kwa kuwa Matano ndiye fundi wa injini, kaambiwa atangulie yeye kulichukua akilitaka. Ndipo unaniuliza mimi: Bibi, tulichukue?

Sikuzani, mimi nabanika samaki tangu babu yako ni tarishi pale boma. Wanatoka watu Maneromango kwa miguu wanaulizia samaki wa Mwanahalima. Uchanja wangu ni miguu minne ya mti na fito juu yake, basi. Haujapata kuharibika hata siku moja, wala hautaki fundi wa injini. Umeme una harufu gani? Makumbi ya nazi nayajua harufu yake, na kuni za mkorosho nazijua. Huo umeme samaki akiula atakuwa na ladha ya nini, ya waya?

Moshi huo ndio uliokulea. Mama yako alipofariki, moshi huo ndio uliokununulia kanga na juzuu. Leo umekuchosha nini? Nijibu hilo kwanza, habari za kabati baadaye. Na uandike kwa wino mweusi, herufi nene. Wino wako wa buluu hauna nguvu.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahalima binti Kibwana


Janga, 14 Machi 1955

Bibi yangu, shikamoo.

Wino huu ni mweusi, nimeuazima kwa karani wa shamba. Sisi wazima, ila baba mkwe kifua kimemrudia na safari hii hashuki kitandani. Mama mkwe Bi Biasha anakusalimu. Matano naye anasema mwambie mke wangu mkubwa asinune.

Bibi, sijachoshwa na kitu. Nataka kujaribu tu.

Nikueleze lilivyo, usije ukadhani ni mchezo. Kimo chake kama mtu aliyechuchumaa. Ndani lina fito za chuma ngazi nne, unawalaza samaki kama juu ya uchanja. Chini pana koili inayowaka nyekundu umeme ukipita, na juu ya koili unaweka sinia la unga wa mbao au makumbi yaliyopondwa. Yanaungua taratibu, hayatoi ndimi za moto. Juu kabisa pana tundu la moshi, lina kifuniko unachokisogeza. Mlango ukiufunga, wewe unakwenda zako. Huinami, hupulizi. Umeme wenyewe tunaupata korona, ile mashine ya mkonge, ikisaga, toka asubuhi mpaka saa kumi. Matano kapewa ruhusa ya kuvuta waya kutoka chumba cha injini mpaka nyuma ya nyumba yetu. Jumapili injini inalala, na sisi tunalala.

Lakini kuna jingine. Matano kaliona dukani Dar es Salaam, jipya, jeupe, dogo, linang'aa kama sahani. Hilo halina tundu juu, limefungwa kote, na muuzaji anasema moshi haupotei hata kidogo. Matano roho yake iko kwa hilo jeupe. Mimi sijui. Wanawake wa kambini wananiagiza kambale na perege wa Ruvu kila wiki, sitaki kuwaharibia.

Nakuomba uniambie lipi bora. Na uniandikie kazi yote toka mwanzo, kwa sababu mwanzo wake sijapata kuuona. Mimi nilikuwa nikitoka chuo cha Kurani asubuhi nakuta gunia umeshalifunika.

Mjukuu wako,
Sikuzani


Kisarawe, 9 Aprili 1955

Kwa Sikuzani.

Marahaba. Mpe pole baba mkwe wako, mwambie anywe maji ya tangawizi na aache tumbaku, ingawa najua haachi. Sisi tunajitayarishia mfungo. Mchele umekuwa wa shida, tutafuturu mihogo na tutashukuru. Mwambie Matano sijanuna. Nikinuna atajua.

Hukunijibu. Nimekuuliza kilichokuchosha, wewe umenijibu "nataka kujaribu tu." Hayo ni majibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Haya, jaribu.

Kuchagua, chagueni wenyewe. Mimi sijaliona hili wala lile, na sina hamu ya kuyaona. Mwanamke anayekwenda zake samaki wakiwa motoni, huyo habaniki, huyo katega mtego.

Kazi ni hii. Kambale mpasue mgongoni, mtoe uchafu, mwoshe maji matatu. Perege mpasue tumboni, magamba yabaki. Mpake chumvi ya kutosha ndani na nje, mwache mpaka chumvi imwingie. Mwoshe kidogo, mpange, asigusane na mwenzake. Makumbi uyaloweke yatoe moshi yasitoe moto. Halafu funika kwa gunia bichi, moshi usitoroke. Ukiona rangi ya ganda la kungu, geuza. Akikauka mpaka mkia unavunjika, tayari.

Ndiyo kazi yote. Imenilisha miaka arubaini, na imeingia nusu ya karatasi.

Bibi yako,
Mwanahalima


Janga, 6 Juni 1955

Bibi, shikamoo, na Iddi njema ijapokuwa imeshapita.

Habari zetu si nzuri. Baba mkwe katutoka kumi la mwisho la Ramadhani. Tumemzika hapa hapa Janga. Matano anashinda kwenye injini hata saa ambazo si zake.

Arobaini itasomwa tarehe ishirini na tano mwezi huu. Watu watatoka Mlandizi, Mkuza na Mbwawa. Bibi, mama mkwe kaniita mbele ya mawifi zangu akasema, "Kitoweo cha arobaini ni cha Sikuzani. Nataka samaki wa kubanika wa nazi." Mimi niko nyumba hii mwaka wa nne na hajapata kuniachia hata chungu cha uji. Unaelewa mwenyewe.

Kabati tumepewa tulijaribu. Bwana mkubwa anasafiri mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kabla ya hapo tuseme tunalichukua au hatulichukui. Nimebanika mara moja, samaki wachache, wametoka wamelegea, rangi si ile yako. Nikafikiri, Bibi hufunika gunia, na mimi nimeliacha tundu wazi, moshi wote unakwenda kwa majirani. Basi safari hii nitalifunga lile tundu tangu mwanzo, ndiyo gunia langu. Na likifanya vizuri likiwa limefungwa, basi bora lile jeupe la dukani ambalo limefungwa tayari. Nimefikiri sawasawa? Nijibu upesi, Mwinjuma anasubiri majibu yako.

Jambo jingine, usikasirike. Barua yako ya mwezi wa nne mistari yake imepandana. Mstari wa saba umeuandika juu ya wa sita, nimechukua siku mbili kuisoma. Macho yako yana nini?

Sikuzani


Kisarawe, 15 Juni 1955

Kwa Sikuzani.

Marahaba. Mungu amrehemu mzee. Alikuwa mtu wa kelele, lakini kelele zake hazikuwa na sumu. Mwambie Matano mwanamume akilia hapungui kilo.

Macho yangu hayana kitu. Meza ndiyo mbovu, ina mguu mmoja mfupi. Ukiniuliza tena sikuandikii.

Habari za tundu, fanya ulivyoona. Kabati ni lako.

Bibi yako


Kisarawe, 10 Julai 1955

Kwa Sikuzani.

Arobaini imepita wiki mbili. Ilikuwaje? Mwinjuma kaja mikono mitupu mara ya pili, nikamuuliza umemwona Sikuzani, akasema nimemwona kwa mbali anateka maji. Kwa mbali! Wewe si mtu wa kuonekana kwa mbali.

Huku wazima. Mboni kavujiwa na paa lile lile. Nimempa pole na sikucheka.

Andika.

Bibi yako


Kisarawe, 2 Agosti 1955

Sikuzani.

Iddi ya kuchinja imepita, sikupata hata salamu. Nimekulea tangu una miaka minne mpaka ukaolewa, sikukufundisha kunyamaza namna hii. Kama una mgonjwa, sema. Kama ni wewe mgonjwa, sema. Kama umekasirika, basi kasirika kwa kalamu nikusikie.

Sina habari nyingine. Hii ndiyo niliyonayo.

Bibi


Janga, 11 Agosti 1955

Bibi, shikamoo.

Sisi wazima, hakuna mgonjwa. Nilikuwa sitaki kuandika, maana kila nikianza naona nakukosea adabu. Sasa nimeona bora nikukosee kuliko kukaa hivi.

Samaki wa arobaini waliharibika. Nilifuata barua yako neno kwa neno, na tundu nikalifunga tangu mwanzo. Jioni nilipofungua mlango, maji yalikuwa yanatiririka ndani ya kabati kama kifuniko cha chungu cha wali. Samaki weusi, wananata kama wamepakwa lami, na ndani wamechemka hawakukauka. Niliuma kipande cha mmoja, kichungu. Kitoweo kingine sikuwa nacho. Nikawaunga kwa nazi nyingi nikidhani uchungu utazama. Haukuzama, Bibi, uliingia kwenye nazi yote.

Watu walikula wali kwa adabu. Bi Biasha akasogeza bakuli pembeni. Akasema, na wageni wa Mbwawa wanasikia, "Mwacheni, si kosa lake. Kafunzwa na Mwanahalima wa Kisarawe, na kwao ndivyo wanavyokula." Mawifi wakacheka kwenye kanga zao. Tangu siku hiyo jikoni naingia kuosha vyombo. Wanawake wa kambini wamesikia, hawaagizi tena.

Nilikuuliza habari ya tundu. Ukasema fanya ulivyoona.

Mara ya kwanza kabisa uliniuliza nimechoshwa na nini, nikakuficha. Sasa nakwambia. Mwezi wa kwanza mwaka huu macho yangu yalivimba mpaka sikuona mlango. Mganga wa zahanati ya shamba akanitia dawa siku tisa. Akaniuliza unapika kwa moshi mwingi? Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwenu kuna mtu haoni vizuri? Nikasema hakuna. Nilikudanganyia, Bibi. Siku ya harusi yangu ulimshika mkono mjomba Kitwana, mwanao wa kumzaa, ukamwita jina la dereva. Wote tuliona, hakuna aliyesema. Na wewe barua zangu unazisoma juani, na wino unautaka mweusi.

Sitaki macho yangu yawe kama yako. Ndiyo sababu nililitaka kabati. Nimesema.

Lakini limeshindikana. Nimemwambia Matano mwisho wa mwezi alirudishe. Keshakata fito za uchanja, nitabanika kama zamani na dawa nitatia.

Nisamehe kwa maneno haya.

Sikuzani


Kisarawe, 20 Agosti 1955

Kwa mjukuu wangu Sikuzani binti Abdala.

Marahaba, mke mwenzangu. Huku wazima. Mvua hakuna, mbuzi hawajambo. Nimemaliza habari za nyumbani, sasa unisikilize.

Barua yako nimesomewa na Mboni. Mwenyewe sikuweza, nimejaribu juani asubuhi, nimejaribu mchana, nikaona ukungu wenye mchwa. Basi Mboni kaisoma yote kwa sauti, mpaka ile ya Kitwana, na mpaka pale uliposema hutaki macho yako yawe kama yangu. Alifika hapo akasita. Nikamwambia soma, umeshaingia ndani ya nyumba sasa unaogopa nini. Hii yenyewe naiandika kwa kulaza njiti ya ufagio chini ya mstari, nikimaliza mmoja naishusha. Ikipandana utasoma hivyo hivyo.

Macho yameanza kwenda mwaka ule ulipohitimu chuo. Kwanza ni machozi, halafu mchanga, halafu asubuhi unaamka taa haina umbo. Nilijua ni moshi. Nani mwingine? Lakini samaki wangu walikuwa wakiitwa kwa jina langu, nikaona nikisema moshi umeniharibu ni sawa na kusema kazi yangu yote ilikuwa mbaya. Nikanyamaza. Ulipoandika habari za kabati nikasikia umelisema wewe. Hukulisema, lakini nilisikia. Ikanichoma.

Sasa sikiliza nililolifanya, maana hili halisomwi na Mboni, naandika mwenyewe.

Samaki hafunikwi akiwa mbichi. Gunia ni la mwisho. Mimi huamka alfajiri nawasha moto mkavu, kuni za mkorosho zilizokauka, moto mweupe usio na moshi, na samaki anakaa juu yake wazi apigwe na upepo na joto. Maji yanamtoka. Nampitisha kidole mgongoni: kikinata, bado. Kikiteleza kama kwenye karatasi, hapo ndipo nayaleta makumbi mabichi, hapo ndipo nafunika. Moshi ukimkuta samaki ana maji unageuka lami. Unakuwa mchungu, wala nazi haiufichi. Ndiyo kazi yenyewe hasa, na ndiyo hukuiona hata siku moja, kwa sababu saa hiyo ulikuwa chuoni. Nilijua hukuiona. Ulinikumbusha mwenyewe katika barua yako ya Machi.

Nilipokuandikia kazi, kalamu ilifika mahali hapo nikaipitisha. Ulipouliza tundu nilifunge, nilijua litakuharibikia. Nilikaa na barua yako siku nzima mapajani. Nikaandika fanya ulivyoona. Nilitaka kabati liaibike. Nilidhani litaaibika peke yake, ulirudishe, mambo yaishe. Sikufikiri kwamba watu hawalitazami kabati, wanamtazama mpishi.

Basi. Sina maneno mazuri ya kupaka juu yake.

Mwambie Matano fito hizo ajengee banda la kuku. Uchanja usiujenge. Nakukataza, na hili si la kujadili na mume wala na mama mkwe. Chukueni kabati la Mgiriki, na lile jeupe la dukani mlisahau. Lisilo na tundu juu hilo ni sufuria, litawachemshia samaki mpaka mzeeke. Tundu ndilo linalolifanya kabati kuwa kabati. Ukiwasha, sinia liwe tupu kwanza, koili iwake yenyewe, tundu wazi kabisa na mlango uuache upenyo wa vidole viwili. Joto litoe maji. Upitishe kidole kama nilivyosema, na usidanganywe na samaki wa ngazi ya juu, yeye hukauka mwisho, mvuke wa wenzake unapita kwake. Wote wakiteleza, ndipo utie makumbi sinia, ufunge mlango, na tundu ulisogeze libaki nusu. Nusu, Sikuzani. Hata gunia langu lina vitundu. Na korona ikisimama kabla hawajaiva, usiwaache ndani wakatoka jasho. Watoe, watandaze, kesho uendelee.

Wanawake wa kambini usiwafuate. Samaki wakitoka vizuri, harufu itawafuata wenyewe.

Sasa la mwisho. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa mara nne. Ni ya Bi Biasha. Mpe mkononi, usiisome wewe kwanza, ingawa najua utaisoma. Nimemwandikia hivi: samaki wa arobaini ya mumeo waliharibiwa na mimi Mwanahalima binti Kibwana, kwa makusudi, nikiwa Kisarawe. Mjukuu wangu alifuata nilivyomwandikia, na nilimwandikia pungufu. Uliposema kafunzwa na Mwanahalima ulisema kweli, ila hukujua kweli hiyo ni ipi. Nimemwomba karatasi hiyo isomwe mbele ya mawifi zako na ya yeyote wa Mbwawa atakayepita. Katika maisha yangu sijamwandikia mwanamke mwenzangu barua ya namna hiyo. Iliniuma kuliko jino.

Akiisoma akanyamaza, mwache anyamaze, ana haki. Akitukana, mimi ndiye niliyetukanwa, wewe endelea kuosha vyombo.

Mwinjuma anasema Jumatano ijayo lori linakuja huko lina nafasi mbele. Nitapanda. Samaki wa kwanza nataka kuwagusa mwenyewe, kidole changu hakijapofuka. Niwekee kiti nyuma ya nyumba karibu na hilo kabati lenu. Nataka nikae mbele ya samaki wanaobanikwa, mara moja tu, pasipo kujifuta machozi.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahalima binti Kibwana